Nyasi Zilizozikwa

Kila kiangazi moshi unapanda katika viwanja vyetu. Majani ya miembe yanafagiwa, nyasi zinakatwa, na vyote vinatupwa motoni. Hata uwanja wa kanisa hausalimiki. Kazi hiyo tunaiita usafi. Lakini kusini ya Ziwa Tanganika wako jirani zetu Wamambwe, ambao tangu zamani za mababu walijua kuzika nyasi za shamba. Habari yao yafaa kujulikana, maana nyasi hizo zililisha vijiji katika miaka migumu.

Mapadri Weupe walifika kwa Wamambwe mwaka 1891, wakaanza hapo misioni ya kwanza ya Kikatolika katika nchi iitwayo leo Zambia. Mwaka 1895 walisogea mpaka Kayambi, kwa Wabemba. Huko kilimo kilikuwa kingine. Mwanaume wa Kibemba alipanda juu ya mti, akakata matawi. Yalikusanywa, yakachomwa, na katika majivu ukapandwa ulezi. Kilimo hicho, citemene, kilitaka msitu mkubwa kuliko shamba lenyewe mara nyingi, tena kilitaka wanaume.

Wamambwe wana miti haba na nyasi tele. Basi kabla ya mvua kwisha, udongo ungali laini, walilima nyasi pamoja na mizizi yake, wakazigeuza na kuzifunika kwa udongo, tuta la mviringo baada ya tuta. Waliita fundikila; masikio yetu yanasikia karibu kama kuvundika ndizi, na kazi zenyewe zinafanana. Juu ya tuta walipanda maharagi. Ndani nyasi zilioza polepole kiangazi chote. Mvua ziliporudi, walivunja matuta, wakatawanya udongo ule mweusi, wakapanda ulezi.

Subira hiyo ilikuwa na sababu. Vijidudu vinavyoozesha majani makavu vinachukua kwanza naitrojeni iliyomo katika udongo, chakula ambacho mmea unakihitaji. Mimi nilizika majani ya miembe nyuma ya nyumba, nikapanda lengalenga juma lile lile. Zote zikawa manjano, na mke wangu alicheka sana. Maharagi hayadhuriki hivyo, kwa kuwa mizizi yake inapata naitrojeni kutoka hewani. Nao moto unairudisha hewani, ukituachia majivu tu.

Sasa tazameni yaliyofuata. Kodi ya Waingereza ilitaka fedha, na wanaume wengi wakaenda kuitafuta katika migodi ya shaba, na wengine katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Bibi Audrey Richards, aliyekaa kwa Wabemba, aliandika mwaka 1939 kwamba vijiji vilivyokosa wanaume wa kukata matawi viliona njaa. Bwana William Watson aliyekaa kwa Wamambwe, katika kitabu chake cha mwaka 1958, alieleza mambo mengine. Kwa Wamambwe mume na mke walilima matuta pamoja. Kwa hiyo wanaume wachache waliobaki waliweza kusaidia nyumba za ndugu zao waliosafiri, na chakula kikapatikana.

Tusiwaonee Wabemba. Mwaka 1994 Henrietta Moore na Megan Vaughan walionyesha kwamba wanawake wa Kibemba walikuwa na njia nyingi za kulisha watoto, kama muhogo na bustani ndogo, kuliko alivyodhani Bibi Richards. Walakini kulisha watoto peke yako, mume akiwa mbali, ni mzigo, na tuta la nyasi liliupunguza.

Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali ya Zambia ilihimiza mahindi, ikasaidia bei ya mbolea ya gunia. Wakulima wengi waliifurahia, na haki yao. Katika miaka ya 1990 msaada ulipunguzwa, gunia likawa ghali. Waliojua fundikila walikuwa bado na jembe, na nyasi zilikuwa zinaota kama zamani.