Tawi la kifalme linapoitwa ‘dogo’, udogo huo ni upi?

MAJUZI mhariri mmoja alinirejeshea tafsiri yangu ikiwa na alama kubwa ya kuuliza. Nilikuwa nimeandika kwamba Henri IV wa Ufaransa alitoka katika ‘tawi duni’ la ukoo wa kifalme. “Duni vipi, mwalimu, na mtu alikuwa mfalme?” Nikanywea.

Kosa lilikuwa langu. Neno la Kifaransa ‘cadet’ lamaanisha mtoto aliyezaliwa baada ya kifungua mimba. Wana wadogo wa makabaila wa Gascogne, kwa kukosa urithi, waliingia jeshini kuwa maafisa. Ndiko alikotoka huyu ‘kadeti’ tunayemjua katika magwanda.

Tawi la aina hii, basi, sharti lianzie kwa mwana wa kiume ambaye si kifungua mimba, na uzao wake uhesabiwe kuumeni tu. Mali haihesabiwi. Ukaribu wa udugu nao, wapi!

Hebu tumtazame Henri mwenyewe. Louis IX, aliyefariki 1270, alikuwa na kitinda mimba wa kiume, Robert wa Clermont. Huyu alioa mrithi wa Bourbon, na uzao wake ukachukua jina hilo. Kwa zaidi ya miaka 300 wakawa wanakaa pembeni, wenzao wakitawala. Hata ukoo wa Valois uliokuwa madarakani ulikuwa wenyewe tawi la mdogo, uliojipatia taji mwaka wa 1328 mlango wa kifungua mimba ulipokosa mrithi wa kiume.

Mwaka wa 1589 Henri III, Valois wa mwisho kutawala, akauawa bila kuacha mtoto. Kuukeni, Henri wa Bourbon alikuwa jamaa yake wa karibu mno: nyanya yake mzaa mama alikuwa dada wa Mfalme François I, babu yake Henri III. Udugu huo haukumfaa kitu. Aliyempa haki ya taji ni Robert yule wa karne ya 13.

Waingereza nao wana lao. Kuumeni, Mfalme Charles III ni wa Glücksburg, tawi la ukoo wa Oldenburg, maana huko ndiko alikotoka babake, Philip. Lakini Aprili 1952, miezi miwili tu baada ya kurithi taji akiwa papa hapa Kenya, Elizabeth alitangaza kwamba yeye na watoto wake wataitwa Windsor. Kwa hiyo ukimuuliza mwananasaba utapata jibu moja. Ukiuliza ikulu, jingine.

Nimeirudia tafsiri yangu. Waswahili wana neno ‘mlango’ kwa mgawanyiko wa ukoo, nami nimeandika ‘mlango wa mdogo’. Sikuandika ‘mlango mdogo’, maana msomaji angefikiria kimo. Mdogo hapa ni kama katika ‘baba mdogo’, ambaye huenda akawa pandikizi la mtu. Mhariri bado hajanijibu.