Fundi wa nyumba anajulikana kwa nini? Historia ya kujenga katika Kivu

GOMA – Kaskazini mwa mji wa Goma, kuanzia kata ya Majengo mpaka kando ya barabara inayoelekea Rutshuru, sauti ya nyundo haiishi. Hapa watu wanavunja mawe ya volkeno, pale wanapigilia mbao, mbele kidogo wanapandisha mabati juu ya paa. Jamaa nyingi zilizokaa kambini kwa miaka zimerudi, au zinafikiria kurudi, kwenye kiwanja ambako nyumba ya zamani haipo tena. Karibu kila moja inajiuliza jambo lile lile: ni fundi gani anayeweza kupewa pesa hizi kidogo bila kuzipoteza?

Swali hili liliulizwa na mababu pia, na kila kizazi kilikuwa na njia yake ya kulijibu.

Zamani, katika vijiji vya Kivu, nyumba haikuwa kazi ya mtu anayelipwa. Ilijengwa kwa miti, mianzi, matete na nyasi, na wajenzi walikuwa ndugu na majirani. Mwenye nyumba alitayarisha chakula na kasiksi, watu wakaja asubuhi, na baada ya siku chache familia ikaingia ndani. Waliojua sana kufunga paa au kuchagua miti isiyoliwa na wadudu walijulikana kijijini kote. Hawakuhitaji cheti, kwa sababu aliyejenga vibaya aliendelea kukaa karibu na nyumba aliyoiharibu, na kila siku alipita mbele ya mwenyewe. Aibu ndiyo iliyokuwa dhamana.

Neno lenyewe «fundi» lilifika huku kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifungua vituo vikubwa Nyangwe na Kasongo, katika Maniema ya leo, karibu na mto Lualaba. Misafara hiyo ilileta mateso ya utumwa, na watu wa Maniema hawajayasahau. Ilileta pia Kiswahili, na nyumba za pembe nne za miti na udongo, zenye baraza mbele. Maneno kama dirisha, msumari na dari yalisafiri njia ile ile. Tangu wakati huo kujenga kukaanza kuwa kazi ya mtu maalum, mwenye vyombo vyake na wanafunzi wake.

Kisha wakaja wamisionari na utawala wa Wabelgiji. Misheni zilihitaji kanisa, shule na hospitali za matofali, kwa hiyo zilifundisha vijana kuchoma matofali, kupima ukuta kwa timazi na kutengeneza milango. Kijana aliyetoka katika karakana ya misheni alijulikana kwa jina la misheni ile. Kwenye kazi za serikali na za makampuni alisimamiwa na kapita, na neno hilo bado linasikika kwenye shantie za Goma na Bukavu. Hapo mambo yalibadilika: si jirani tena aliyemshuhudia fundi, bali mkubwa aliyemwandika kazi.

Mwaka wa 1952 utawala wa kikoloni uliunda Office des Cités Africaines, ofisi iliyojenga mitaa mizima ya nyumba kwa ajili ya Waafrika katika miji mikubwa ya Kongo. Kule Bukavu, Bagira ni mtoto wa kazi hiyo. Nyumba zilipangwa kwa mistari, kwa vipimo vilivyofanana. Mwaka wa 1957, tarehe 20 Juni, ikatoka amri juu ya urbanisme, yaani namna mji unavyopangwa. Aliyepata nyumba ya aina hii hakuchagua fundi, kwani ofisi ilikuwa imekwisha kumchagua.

Lakini kuna sheria moja ya kikoloni ambayo ni ya zamani zaidi, tena inamhusu hata mjane anayejenga leo vyumba viwili vya matofali. Ni amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, iliyotolewa wakati Kongo ilipokuwa mikononi mwa mfalme Léopold II. Amri hiyo ilibaki katika sheria za nchi baada ya uhuru. Inasema kwamba, nyumba iliyojengwa kwa bei ya jumla iliyokatwa ikianguka kwa sababu ya ujenzi mbaya, mjenzi anawajibika kwa muda wa miaka 10, hata kama ubaya ni wa udongo. Kwa hiyo fundi anayesema «si mimi, ni udongo wa hapa» hajajiokoa: kazi yake ilikuwa ni kuujua udongo kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Bila shaka, lava ikishuka au bomu likianguka, hilo si kosa la fundi. Lakini ukuta uliopasuka kwa sababu simenti ilipunguzwa ni jambo lake.

Baada ya uhuru, serikali ilitaka kufundisha watu kazi za mikono. Mwaka wa 1964 iliunda INPP, Institut National de Préparation Professionnelle, ambayo mpaka leo inatoa mafunzo ya uashi, useremala, umeme na mabomba. Kuhusu ardhi, sheria ya Bakajika ya 1966, na zaidi ile ya tarehe 20 Julai 1973, zilitangaza kwamba ardhi ni ya taifa. Tangu hapo raia anapewa haki ya kukaa na kutumia, na haki hiyo inathibitishwa mwishoni na hati ambayo ofisini inaitwa certificat d'enregistrement. Wengi wanasahau jambo hilo. Mtu anaweza kumpata fundi hodari kuliko wote, akajenga nyumba nzuri, halafu akaipoteza kwa sababu kiwanja kiliuzwa na mtu asiye na haki ya kukiuza.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya shida. Makampuni yalifunga, mishahara ikapotea, na watu wakaishi kwa «Article 15», yaani kila mtu ajitafutie. Mafundi waliokuwa wakifanya kazi chini ya kapita wakawa peke yao barabarani. Vijana wakajifunza kwa kubeba mchanga na kumwangalia mkubwa wao. Wengi kati yao wakawa mafundi wazuri sana bila karatasi yoyote. Wengine walijifunza nusu, wakajiita mainjinia. Tangu wakati huo, mwenye nyumba hakuwa tena na misheni wala kampuni ya kumsaidia kutenganisha hawa na wale.

Goma nayo ilikuwa ikikua haraka. Mwaka wa 1988 ikawa makao makuu ya jimbo jipya la Kivu ya Kaskazini. Mwaka wa 1994 wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda waliingia kwa siku chache. Vita vilivyoanza mwaka wa 1996 vikaleta watu wa Masisi, Rutshuru na Walikale. Kisha, tarehe 17 Januari 2002, volkeno ya Nyiragongo ikapasuka. Lava ilikata mji katikati, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikafika ziwani. Watu zaidi ya 100 walikufa, na kadiri ya 120.000 walibaki bila nyumba.

Wakaaji walirudi upesi, wakajenga juu ya lava yenyewe. Hapo ndipo nyumba ya mbao ya Goma ilipoenea zaidi: msingi mfupi wa mawe ya volkeno, kuta za mbao, na mabati juu. Nyumba hiyo haina gharama kubwa, ni nyepesi wakati ardhi inapotikisika, na inaweza kufunguliwa ubao kwa ubao na kuhamishwa. Ubaya wake ni moto, kama wanavyojua vizuri watu wa Kadutu kule Bukavu. Pia lava ilikuwa imefunika mawe ya mpaka wa viwanja. Aliyekuwa na karatasi na majirani wa kumshuhudia aliweza kuonyesha mahali pake. Aliyekosa vyote viwili alikuwa na kazi ngumu.

Matetemeko yalitoa somo lingine. Tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitikisika Bukavu na ng'ambo yake, Rwanda, na watu wakafa. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilishuka tena. Lava iliharibu maelfu ya nyumba upande wa Buhene, na matetemeko ya siku zilizofuata yakapasua kuta nyingi mjini. Nyumba ya matofali isiyofungwa kwa chuma kwenye pembe, na isiyo na mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, iko hatarini sana ardhi inapotikisika. Vyuma hivyo havionekani nyumba ikishapakwa rangi. Ndiyo sababu fundi mwizi huiba hapo, na ndiyo sababu mwenye nyumba anapaswa kuwepo siku ya kumwaga zege.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia Goma, na katika majuma yaliyofuata kambi nyingi za pembeni mwa mji zilivunjwa. Jamaa zikaondoka na mahema yao, nyingine zikiwa hazijui kama nyumba yao bado imesimama. Mtu anayerudi namna hii ana haraka, na haraka yake inaonekana. Fundi mbaya anaitambua mara moja. Anasema: «Mama, nipe pesa zote leo, juma lijalo unalala ndani.» Pesa zikikwisha kutoka, simu haipokelewi tena.

Historia hii yote inaacha mashahidi wawili: jirani na karatasi. Anayejenga leo anawahitaji wote wawili, maana kila mmoja peke yake amekwisha kuwaangusha watu.

Kazi inaanza kabla ya kumtafuta fundi. Karatasi ya kiwanja inapelekwa kwenye ofisi ya ardhi ili kuhakikisha jina na namba, kisha shefu wa avenyu na majirani wa pande zote wanaulizwa kama wanamjua mwenye kiwanja. Baadaye inaombwa ruhusa ya kujenga kwenye ofisi ya urbanisme. Agizo la waziri la tarehe 26 Juni 2013 ndilo lililopanga namna ruhusa hiyo inavyotolewa. Anayejenga bila ruhusa anaweza kusimamishwa wakati ukuta umefika nusu.

Kwa fundi mwenyewe, brevet ya INPP au ya shule ya ufundi ni jambo jema. Kama anajitambulisha kuwa ni kampuni, aonyeshe namba ya RCCM, daftari la biashara lililokuja na sheria za OHADA zilizoanza kutumika Kongo mwaka wa 2012. Lakini karatasi haionyeshi mkono wa mtu. Kwa hiyo ni vizuri kumwambia kwa heshima: «Papa fundi, utupeleke kwenye nyumba mbili ulizozijenga, moja ya mwaka huu na moja ya zamani.» Ile ya zamani ndiyo inayosema kweli. Hapo wanaangalia pembe, nyufa juu ya milango, maji yanapopita wakati wa mvua, na wanamwuliza mwenye nyumba kama bei iliongezeka njiani. Fundi mzuri hakasiriki anapoombwa hivyo. Anayekataa amekwisha kujibu.

Mapatano yaandikwe, hata kwenye ukurasa wa daftari: ukubwa wa nyumba, idadi ya mifuko ya simenti na ya vyuma, bei yote, siku ya kumaliza, na nani ananunua vifaa. Fundi atie sahihi, mwenye nyumba atie sahihi, na mashahidi wawili pia, mmoja wao awe mtu wa avenyu. Malipo yafuate kazi: sehemu baada ya msingi, sehemu baada ya kuta, sehemu baada ya paa, na kiasi fulani kibaki mpaka mvua ya kwanza ipite. Jamaa nyingi huamua kununua simenti na mabati zenyewe, na fundi analipwa kazi ya mikono tu. Njia hii inachosha, lakini inafunga mlango mmoja wa wizi. Ni vizuri kujua pia kwamba anayenunua vifaa mwenyewe anajibu mwenyewe kwa vifaa vibaya.

Mwaka wa 2002 na 2021, watu wengi walikimbia usiku na watoto mkononi, na karatasi zikaungua pamoja na nyumba. Kwa hiyo hati ya kiwanja na karatasi ya mapatano zipigwe picha, na nakala moja itumwe kwa ndugu anayekaa mji mwingine, Bukavu, Butembo au Kisangani. Siku ya kukimbia hakuna awezaye kubeba mabati. Karatasi hizo zinaingia mfukoni, na ndizo zitakazomrudisha mwenye nyumba mahali pake.