Mbwa, mvua na moto wa jikoni: kumkausha mbwa katika Ituri tangu zamani

Katika vijitabu vya mila na desturi, watu wengi wameandika juu ya mali ya ndoa, juu ya tohara, juu ya majina ya mapacha. Mbwa hajapata hata ukurasa mmoja. Na kumbe katika msitu wa Ituri ni yeye aliyesaidia kuleta nyama ndani ya chungu, na mwenye mbwa mzuri alijulikana mpaka kijiji cha tatu. Sisi tumechagua jambo moja dogo katika historia yake: namna gani alikaushwa akitoka kwenye mvua, na juu ya nini kazi hii ilipotea tulipohamia mjini. Wasomaji wengine watacheka. Wacheke, lakini wasome kwanza.

Ituri ni inchi ya mvua. Inaanguka kupita milimita 1500 kila mwaka, na miezi ya Januari na Februari ndiyo hasa inapumzika kidogo. Hata kama mvua haianguki, majani ya asubuhi yamejaa maji, na mto mdogo haukosi njiani. Mbwa wa kuwinda alirudi amelowa karibu kila siku. Wambuti wa upande wa Wabila waliwinda kwa nyavu za kamba ya kusa, Waefe wa upande wa Walese waliwinda zaidi kwa upinde. Kwa wote wawili mbwa aliingia fasi ambapo mtu hapiti, chini ya miti iliyoanguka na ndani ya vichaka, ili kumtoa mboloko. Na kwa kuwa mbwa wetu wa msitu habweki sawa mbwa wengine, walimfunga kengele ya mti shingoni wapate kusikia aliko. Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea aliyefika kwa Wazande na Wamangbetu mwaka wa 1870, aliona mbwa wadogo wa namna hiyo, mkia umejikunja kama wa nguruwe, na kengele zao. Aliandika kwamba kengele iliwazuia wasipotee ndani ya majani marefu.

Sasa, mbwa huyo akirudi amelowa, nani alimkausha? Jibu letu ni fupi: moto. Colin Turnbull, aliyekaa na Wambuti karibu na Epulu katika miaka ya 1950, aliandika kwamba hawakuwa na desturi ya kuwasha moto mupya. Walibeba kaa la moto limefungwa ndani ya majani kutoka kambi moja kwenda nyingine. Kibanda cha majani ya mongongo kilikuwa na moto wake, na mbwa aliutafuta moto huo. Katika vijiji vyetu kando ya barabara ilikuwa paka vile. Jiko lilikuwa nyumba yake peke yake, mafiga matatu katikati, kuni hazizimiki, na mbwa analala karibu na majivu. Mama alimfukuza asitie mdomo ndani ya chungu, lakini hakumfukuza mpaka inje ya mlango wakati mvua inapiga.

Tusidanganyane kuwa ilikuwa mapendo. Turnbull mwenyewe, aliyewapenda sana Wambuti, anasema wazi kwamba mbwa zao, hata kama zilikuwa na bei kubwa, zilipigwa mateke tangu kuzaliwa mpaka kufa. Wale wanaoandika leo kwamba mababu walimpenda mbwa kama mtoto, wanaandika bongo. Mbwa alikuwa chombo cha kazi, sawa na wavu. Wavu ukilowa unaanikwa, maana usipoanikwa unaoza. Mbwa naye alipewa fasi ya kukauka. Tunaona kwamba hii ndiyo inafanya desturi hii ikuwe ya maana: haikungoja huruma ya mtu, ilikuwa imejengwa ndani ya nyumba yenyewe.

Tuangalie basi sababu zake, maana mwalimu hawezi kuacha hapo. Mbwa akijikung'uta anafanya nusu kubwa ya kazi yeye mwenyewe. Watafiti wa Georgia Tech, kule Marekani, walionyesha mwaka wa 2012 kwamba mbwa aliyelowa anaweza kutoa karibu 70 kwa mia ya maji ya manyoya yake katika sekunde 4. Ndiyo maana asizuiwe. Tusimame mbali tu. Lakini kile kinachobaki ndicho kinaleta shida. Manyoya yaliyolowa hayashiki joto tena, na maji yanapokauka polepole juu ya ngozi yanachukua joto la mwili. Mbwa mkubwa mwenye nguvu anavumilia. Mtoto wa mbwa wa wiki za kwanza hawezi, kwa sababu mwili wake haujajua kutengeneza joto la kutosha. Usiku mmoja wa baridi unaweza kumuua. Kisha kuko fasi ambapo maji hukaa: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya kamba ya shingo. Ngozi inayokaa na maji inalainika, mbwa anajikuna, anajilamba, kidonda kinafunguka, kinanuka. Mbwa wa msitu alikuwa na bahati ya umbo lake: manyoya mafupi yanayokauka haraka, na masikio yamesimama, hewa inapita.

Moto nao una hatari yake. Mbwa anayesikia baridi anasogea mpaka manyoya yanaungua mbele yeye kusikia. Na majivu, ambayo wengine wanamwagia mbwa ili "yanywe maji", tunayakataa. Mama zetu walichuja majivu ya majani kupata chumvi, wengine walipikia sabuni maji ya majivu. Kila aliyeshika maji hayo anajua namna yanakula ngozi ya mikono. Majivu makavu na baridi, mbwa akilalia, hayana neno. Majivu juu ya mbwa aliyelowa na mwenye vidonda ni kumchoma.

Kuko pia jambo ambalo wazee wetu na Wazungu walichanganya pamoja: kufikiri kwamba kila mbwa anayekohoa na kutoka makamasi ameuawa na mvua. Historia ya mbwa wetu huko Ulaya inafundisha vingine. Mwaka wa 1895 mbwa wawili wa Congo walionyeshwa Uingereza katika maonyesho ya Crufts. Walikufa nyuma kidogo. Mwaka wa 1923 Lady Helen Nutting alileta wengine 6 kutoka Sudani. Nao walikufa, nyuma ya kuchomwa sindano ya kinga iliyokuwa bado ya kujaribiwa. Hao wote hawakuuawa na ukungu wa London. Waliuawa na ugonjwa ambao waganga wa nyama wa kwetu wanauita maladi ya Carré, kwa jina la Mfaransa Henri Carré, aliyeonyesha mwaka wa 1905 kwamba unaletwa na virusi. Miili yao haikuwa na kinga. Ni mwaka wa 1937 tu ambapo mbwa za bibi Olivia Burn, zilizotoka Congo, zilionyeshwa Crufts zikiwa na afya, na watu walipanga mstari kuziangalia.

Zilipewa jina gani? Basenji. Hatuna haja ya kutafsiri kwa msomaji wa hapa. Neno ambalo mkoloni alimtupia baba zetu, basenji, watu wasiostaarabika, limekuwa jina la heshima la mbwa anayelala juu ya kiti cha ngozi. Mwaka wa 1990 chama kikubwa cha mbwa cha Marekani kilifungua tena kitabu chake ili kuandika mbwa waliochukuliwa kaskazini ya Zaïre mwaka wa 1987 na 1988, maana damu ya wale wa zamani ilikuwa imebaki ndogo sana. Walikuja kutafuta hapa kile ambacho sisi tunakiona bure.

Maana sisi, mjini, tumefanya nini? Tunafikiri mabadiliko yalianza na kambi za wafanyakazi na posta za wakoloni. Mbwa aliacha kuwinda, akapewa kazi ya kulinda lupango. Mlinzi anakaa inje. Jiko la mafiga likawa mbabula ya makala, ambayo inazimwa chakula kikiiva. Mbwa akapoteza moto, na hakuna aliyefikiri kumpa kitu kingine fasi yake. Leo anafungwa mnyororo karibu na mlango wa lupango, sakafu ya simenti chini yake, bati lenye matundu juu yake, na tunashangaa juu ya nini anakonda.

Tena mbwa mwenyewe amebadilika. Wengi wana damu ya berger allemand. Huyo ana manyoya ya namna mbili: marefu ya juu, na mengine laini chini yake, mazito sawa na pamba. Juu yanakauka kwa saa moja, chini yanabaki na maji mpaka kesho. Anayetaka kujua asipapase juu tu. Aingize vidole mpaka kwenye ngozi. Masikio yanayolala nayo yanafunika maji ndani.

Kwa hiyo kitambala ndicho kimechukua kazi ya moto. Mbwa ajikung'ute kwanza. Kisha kitambala kikavu, kukandamiza zaidi kuliko kusugua, kuanzia kichwa: masikio yapanguswe kwa ndani pale ambapo kidole kinafika bila nguvu, kijiti hapana. Kamba ya shingo ivuliwe, ikauke peke yake. Miguu, kidole kwa kidole, na hapo ndipo mtu anaona funza mbele haijakuwa nyingi. Funza yenyewe ni mgeni katika inchi yetu, ilifika pwani ya Angola kwa meli karibu mwaka wa 1872. Mwishoni fasi ya kulala isiyopitisha maji, imenyanyuliwa kidogo juu ya mbao, na gunia kavu. Na mbwa mwenye ukurutu asipakwe mafuta machafu ya motokari, kama tunavyoona katika kata nyingi: ukurutu unaletwa na vidudu, hauletwi na maji, na mafuta hayo ni sumu ambayo mbwa anailamba.

Neno moja limebaki, juu ya kitambala chenyewe. Kila familia hapa inapiga pasi hata nguo za ndani, na kila mtu anajua sababu: ile inzi inayotaga mayai juu ya nguo zisizokauka vizuri, kisha mnyoo unaingia ndani ya ngozi. Kifaransa kinauita mnyoo wa Cayor, kwa jina la inchi moja ya Senegal. Inzi hiyo inapenda mbwa kuliko nyama nyingine zote za nyumbani. Kitambala cha mbwa kilichotupwa kivulini na maji yake ni kitanda chake. Kifuliwe, kianikwe juani, na kisha kipigwe pasi pande zote mbili, sawa na nguo za watoto.