Mbegu na Mahali: Juu ya Istilahi za Zabibu na Divai

Misafara iliyotoka Bagamoyo katika karne ya 19 ilivuka Ugogo, ikakata pori la Mgunda Mkali, na hatimaye ikafika Tura, mlango wa mashariki wa Unyamwezi. Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, alieleza kuwa jina hilo ni agizo: “tua mzigo”. Miongoni mwa bidhaa za misafara hiyo ilikuwamo nguo ya merikani, iliyoitwa kwa jina la nchi ilikofumwa. Vita vya Marekani vya 1861–1865 vilipunguza shehena zake, na baadaye viwanda vya Bombay vikafuma nguo ya namna ile ile. Lakini jina likabaki merikani. Jina la mahali lilikuwa limegeuka jina la aina.

Mfano huo watufaa tunapotafuta istilahi za divai, kwani divai njema huzaliwa na mambo mawili: mbegu ya mzabibu na mahali ulipopandwa. Katika nchi ile ile ya Ugogo, wamisionari Wakatoliki wa Bihawana ndio wanaotajwa kuanzisha zabibu za Dodoma, mwaka 1957. Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari. Mvua yake ni haba na kiangazi chake ni kirefu. Ulaya, baridi huulaza mzabibu kila mwaka. Dodoma haina baridi hiyo. Mkulima huupogoa mzabibu ili uchipue upya, na kwa hiyo huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Chenin Blanc, mbegu ya bonde la mto Loire huko Ufaransa, hustawi Dodoma pia. Lakini joto huzidisha sukari ya tunda na kupunguza uchachu wake, hata divai ikawa na ladha nyingine. Mbegu huleta rangi, ngozi na harufu. Mahali huamua ni kwa kadiri gani hayo yataiva. Ubora hupatikana viwili hivyo vinapowiana.

Je, tuseme “mbegu” ilhali mzabibu hupandwa kwa vipande vya matawi? Twaona yafaa. Wakulima wetu husema “mbegu ya muhogo” wakiwa wameshika shina. “Zabibu” nalo ni neno lililopanuka: kwa Kiarabu ni tunda lililokaushwa, kwetu ni bichi na kavu pia. Kwa jumla ya udongo, mvua, mwinuko na desturi za kilimo twapendekeza “tabia ya mahali”.

Kutenganisha maneno haya si anasa ya wanaisimu. Ufaransa iliweka mwaka 1935 utaratibu wa kisheria wa kulinda majina ya divai kwa mahali pa asili, kwa kuwa jina huongeza bei, na anayelitwaa bure humnyang’anya mkulima. Lugha yetu tayari yajua njia: “dodo” na “bolibo” ni mbegu za maembe, “mchele wa Kyela” na “asali ya Tabora” ni bidhaa za mahali. Basi “divai ya Dodoma” na iwe na maana moja tu, divai ya zabibu zilizokulia Dodoma, na jina la mbegu liandikwe kando yake. Tukiyachanganya, Dodoma itakuwa merikani ya pili: jina litasafiri, na wenye shamba watabaki mikono mitupu.