Zama za mawe, na mbao zake

Mtoto wa shule hujifunza zama za mawe za kale, za kati na za mwisho, akatoka darasani na picha moja kichwani: jiwe mkononi. Picha hiyo humfuata hata mtu mzima anayebuni ulimwengu wa kale kwa ajili ya mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, wa aina ya Dungeons & Dragons iliyotoka mwaka 1974. Wahusika wake huishia na shoka la jiwe, pango na ngozi begani.

Jina “zama za mawe” limetokana na kilichosalia. Mbao huoza.

Ndiyo maana habari ya mwaka 2023 kutoka maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ina uzito mkubwa: magogo mawili yaliyopishana, la juu limechongwa pengo la kushika la chini, yenye umri wa miaka 476,000 au zaidi. Udongo uliolowa maji ndio ulioyahifadhi.

Basi, ili kuirudisha mbao mchezoni, mbunifu aanzie kwenye miombo ya Tabora. Huko warina asali bado hubandua gome la mti likiwa zima, wakalifunga kwa kamba za magome hayohayo likawa mzinga. Msumari hautumiki. Chombo kama hicho kisingeacha alama ardhini, lakini kinamstahili mhusika anayeanza safari, pamoja na kijiti chenye ncha cha kuchimbia mizizi na kijinga cha moto. Kisha dadu irushwe kuona kama moshi umewatuliza nyuki.