SOMO LA KIINGEREZA: NENO LENYE VIPANDE VIWILI

Shikeni kalamu zenu. Leo twajifunza neno la Kiingereza lenye vipande viwili: "settle down". Litamkeni hivi: setel daun.

Ukilisikia, usikimbilie maana moja. Mwalimu akiwaambia hivyo watoto wanaopiga kelele, maana yake ni tulieni. Mzazi akimwambia kijana anayezurura mjini, maana yake ni oa, uwe na nyumba yako. Naye ofisa wa serikali akilisema juu ya watu wanaohamahama, maana yake ni wakae mahali pamoja, wajenge na walime.

Maana hii ya tatu ina historia yake Yaeda Chini, katika wilaya ya Mbulu. Wahadzabe wa bonde hilo waliishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuchuma matunda. Walihamisha kambi zao kufuata chakula na maji. Wakoloni Waingereza walijaribu kuwakalisha mahali pamoja, wasiweze. Baada ya Uhuru, serikali yetu nayo ikajaribu. Mwaka 1965 walikuwa wakikusanywa Yaeda Chini, wapate nyumba, shule na dawa. Nia ilikuwa njema. Lakini watu waliozoea kambi ndogo ndogo walipokaa kwa kusongamana, magonjwa ya kuambukiza yaliwashika, wengi wakafa. Haukupita muda mrefu, wengi wa waliosalia wakarudi porini.

Je, kosa lilikuwa la neno? La, hasha. Kosa lilikuwa kuchanganya maana zake, na kudhani kwamba mtu asiyekaa mahali pamoja hajatulia. Wahadzabe walikuwa wametulia tangu zamani. Makao yao hayakuwa kijiji kimoja, bali bonde zima.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya ardhi. Hivyo haki yao ya makao iliandikwa, pasipo kuambiwa kwanza waache kuwinda.

Basi, ndugu mwanafunzi, ukikutana na neno hili, jiulize: nani analisema, anamwambia nani, naye anataka nini?

Zoezi: Andika sentensi tatu za Kiswahili, kila moja ikionyesha maana moja ya neno la leo. Kisha msomee jirani yako, akuambie ni maana ipi. Kwaherini.