Usalama wa printa isiyotumia waya

Printa iliyounganishwa na tarakilishi bila waya hupokea kazi kwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hayakomei ukutani. Aliye katika duka jirani huweza kuyanasa. Kwa hivyo barua, vyeti na hati za mishahara zinazotumwa kuchapishwa hazina budi kupitishwa hewani kwa fumbo.

Fumbo la kwanza, WEP, lilitolewa mwaka wa 1997. Mnamo 2001 wataalamu Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha kwamba ufunguo wake huweza kupatikana kwa kukusanya data ya kutosha inayopita hewani. WPA ilifuata mwaka wa 2003, kisha WPA2 mwaka wa 2004.

Matatizo huanzia hapo. Printa hudumu kuliko tarakilishi, na baadhi ya zile za kale huifahamu WEP pekee. Mwenye ofisi au saiba akiona printa yake imekataa kuingia mtandaoni, hushawishika kuishusha ruta, yaani kifaa kinachorusha mtandao, hadi WEP. Printa huchapisha, naam, lakini tarakilishi zote zinazotumia mtandao huo huachwa bila kinga ya maana. Ni heri printa ya aina hiyo iunganishwe kwa waya, na mtandao wa hewani ubaki katika WPA2.

Printa inayokubali WPA2 hutayarishwa kwa vitufe vyake, au kwa kuandika anwani yake katika kivinjari cha tarakilishi. Huchaguliwa jina la mtandao, kisha WPA2 pamoja na AES, na hatimaye huandikwa neno la siri la ruta, lenye herufi 8 hadi 63. Herufi kubwa na ndogo hutofautishwa, na wengi hukosea papo hapo.

Njia ya mkato ya WPS, inayotumia nambari ya tarakimu nane, ifungwe kwenye ruta. Mwaka wa 2011 ilibainika kuwa nambari hiyo hukaguliwa kwa vipande viwili, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata.

Ukurasa wa printa wenyewe pia uwekewe neno la siri, tofauti na lile la mtandao. Vinginevyo mteja yeyote wa saiba aliyeunganishwa anaweza kuufungua na kubadilisha kila kitu. Na printa inapouzwa, irejeshwe kwanza katika hali iliyotoka nayo kiwandani, kwani huondoka ikiwa bado inalikumbuka neno la siri la mtandao.